Karatasi ya Sigara Iliyofunga Nakivubo

Aibu yangu naijua, wenzangu, msijisumbue kunikumbusha. Mpaka leo nikipita sokoni Nakivubo, Kampala, kuna mama mmoja muuza vitambaa ambaye akiniona tu hujitupa chini ya meza yake, na umri wake ule wote, kisha huchungulia kwa jicho moja na kuuliza, "Wamekwisha?" na majirani zake wa vibanda wanacheka hadi wanashikana mabega, nami nacheka nao (nifanyeje?), natengeneza kitambaa changu kichwani, naendelea na safari. Wageni wakiuliza kuna nini huambiwa, "Huyu ndiye Bunduki. Huyu peke yake alifunga mji mzima." Si uongo. Niliufunga, tena kwa kipande cha karatasi ya pakiti ya sigara kisichozidi ukucha wa kidole gumba, na mimi hata sigara sivuti.

Ilikuwa miaka ile ya utawala wa askari. Nilikuwa bado msichana, nimetoka kwetu ng'ambo ya mpaka wa Busia, upande wa Kenya, na cheti changu cha taipu, nikapata kazi Kampala katika ofisi moja ya serikali iliyokuwa na kompyuta. Msiniulize ni ofisi gani. Kompyuta ya siku zile haikuwa kidude cha kupakata kama mtoto. Ilijaza chumba kizima, makabati ya chuma yamepangwa ukutani, na chumba chenyewe kilikuwa na baridi ya mashine tangu asubuhi hadi jioni, baridi tamu, ya kukufanya uvae sweta huku nje watu wanajipepea kwa magazeti. Huko nje sukari hakuna, sabuni hakuna, chumvi ni ya magendo, watu wanatembea wakitazama nyuma. Lakini ukisukuma mlango wetu ule mzito ukaingia, husikii tena kitu ila mvumo mmoja, mmmmm, kama mtu anayembembeleza mtoto huku yeye mwenyewe anasinzia. Nilikipenda chumba kile. Nadhani kosa lilianzia hapo, kwa sababu mimi nikipenda mahali huanza kuota macho wazi, ndivyo nilivyozaliwa, na mama yangu alikwisha kunionya kwamba siku moja nitaota njiani nigongwe na ng'ombe.

Kazi yangu ilikuwa tepu. Tepu ni utepe mwembamba wa rangi ya kahawia, mrefu ajabu, umezungushwa kwenye gurudumu kubwa kama sahani ya pilau, na juu yake mashine iliandika mambo ambayo jicho la mtu haliyaoni. Gurudumu moja nililiona kuwa langu hasa, lile lililobeba faili la watumishi: jina la mtu, kazi yake, na nyumba ya serikali aliyopewa. Kila mwezi tulilipachika, tunaongeza majina ya wapya, mashine inaandika faili upya na kuchapa orodha, orodha inapelekwa kwa wakubwa wanaogawa nyumba, na kwa wakubwa wa nyumba mambo yalikuwa mawili tu. Jina lako limo, unalala kwako. Jina lako halimo, asubuhi unakuta vyombo vyako viko nje na sajini fulani anaingiza kitanda chake.

Sasa, utepe una mwisho wake kama kila kitu. Kabla kidogo ya ncha palibandikwa kikaratasi kinachong'aa kama fedha, na mashine ilikuwa na taa ndogo ya kuukodolea utepe macho. Ikiuona tu ule mng'ao inajua nafasi imejaa, inasimama na kudai gurudumu la pili. Desturi nzuri kabisa, isipokuwa gurudumu la pili hatukuwa nalo. Yalitoka Ulaya, na pesa za kuagizia vitu Ulaya zilikuwa na wenyewe. Yale tuliyokuwa nayo yote yalijaa mambo yasiyoguswa. Zaidi ya hayo utepe wenyewe ulikuwa unapungua, maana ncha zikichakaa tunazikata kwa mkasi, mbele na nyuma, leo kidogo na mwezi ujao kidogo, huku faili linazidi kunenepa. Walioingia kazini walikuwa wengi (mkubwa mpya haji peke yake, huja na binamu zake). Na waliotoka nao walikuwa wengi, hilo kila mtu alilijua, ila ili jina litoke kwenye faili ilibidi mtu aandike na kutia sahihi kwamba fulani harudi tena, na miaka ile nani angeandika hivyo? Ukiandika harudi, utaulizwa umejuaje. Basi waliopotea wakaendelea kukaa humo, kimya, mwezi baada ya mwezi. Nikilitazama gurudumu likizunguka nilikuwa nawaona kabisa, wameketi mmoja mmoja kwenye ule mstari wa kahawia kama watu kwenye baraza ndefu, wamekunja mikono, wanangoja kuitwa.

Mmoja wao alikuwa Okot. Alikuwa jirani yangu mtaani Kyebando, dereva wa lori la idara ya barabara, mtu mrefu wa kaskazini aliyekuwa akiimba akiosha miguu. Asubuhi moja alitoka na lori, jioni lori likarudi na dereva mwingine. Basi. Mkewe, Mama Apio, alibaki na watoto katika nyumba ya serikali iliyopakana na uzio wetu, na kila orodha ilipokaribia kutoka alikuja kwangu na kibakuli cha odii, ule ufuta wao uliosagwa na karanga, anakiweka mezani, anaketi, halafu anauliza kana kwamba anauliza habari za mvua.

"Dada Felista, jina bado iko?"

"Iko, Mama Apio."

"Basi. Kama jina iko, sisi iko na mlango."

Nilikuwa nikila ile odii kwa kidole baada ya yeye kuondoka, na nilikuwa naumia rohoni, kwa sababu alidhani mimi ndiye ninayemshikilia mumewe humo ndani, na mimi sikuwa nashikilia kitu, nilikuwa naangalia magurudumu tu.

Mkubwa wangu wa chumba alikuwa Ssalongo (Buganda mtu akizaa mapacha anaitwa hivyo kwa heshima, na mimi sikuwahi kumwita jina jingine). Mtu mpole, mwenye suti moja, mvuta sigara asiyekoma. Mapema wiki ya mkasa wenyewe akanivuta pembeni (kwao nyabo ni bibi, ssebo ni bwana).

"Nyabo, Arihamisi Meja wa jeshi nakuja kukagua. Nataka aone mashine nafanya kazi, orodha natoka mbele ya macho yake. Na fairo imejaa."

"Imejaa, ssebo. Safari hii haitafika mwisho, itasimama katikati ya majina."

"Mbele ya Meja haiwezi simama. Punguza. Wewe najua wale hapana onekana. Toboa kadi za kufuta, waondoke. Anza na yule delefa, Okoti."

"Nani ametia sahihi?"

Ssalongo akatazama mlango. "Sahihi ya nini, nyabo? Mimi niko na watoto nyumbani." Kisha akatoka haraka, akasahau pakiti yake ya sigara juu ya meza yangu.

Nikaketi mbele ya mashine ya kutobolea kadi, vidole vimekaa juu ya herufi. Jina la Okot ni fupi, wenzangu. Ni kugonga mara chache tu, kadi inatoka na vitundu vyake, unaipanga na zingine, mashine inaila, na Mama Apio anakuta vyombo nje. Vidole vilikataa. Nikainua macho, nikaona pakiti ya sigara imefunguka, na ndani ile karatasi ya fedha inameremeta chini ya taa. Ndipo ndoto ikanijia, nzuri, tulivu, kama mtu amenifunika shuka: kwamba baada ya alama ya mwisho kuna utepe mwingine mtupu, umelala bure, hauandikwi kitu, na ningeisogeza alama mbele kidogo tu baraza ingerefuka, kila mtu angepata pa kukaa na hakuna ambaye angelazimika kuinuka.

Nikabandua alama ya zamani. Nikakata nyingine kwenye ile pakiti, nikaipaka gundi ya bahasha, nikaibandika karibu kabisa na ncha, nikaipuliza ikauka. (Kwamba ncha zile tulikuwa tunazikatakata kila mara na hakukuwa na baraza yoyote huko nyuma, hilo nililisahau. Kwamba mashine ikiona alama haisimami papo hapo, hujiburuta kwanza, na hiyo yetu breki zake zilikuwa zikisubiri spea tangu fundi wake Mhindi afukuzwe nchini pamoja na Wahindi wote, hilo nalo nililisahau.) Nikarudi Kyebando nikiimba.

Alhamisi ikafika. Nilivaa maksi ndefu ya kufagia sakafu, maana vimini vilikuwa haramu, na raizoni za visigino virefu nilizoazima, na mtu akinitazama angesema naenda kusimamia arusi. Meja akaingia na marashi yake na viatu vya kujitazamia, nyuma yake askari wawili na bunduki zao, wengine wamebaki getini chini. Ssalongo alikuwa amesimama kando ya kabati la karatasi za kuchapia, anatabasamu kwa meno yote kama mtu anayepigwa picha.

"Hii ndiyo mashine?" Meja akauliza.

"Ndiyo, afande. Inajua watu wote wa selikali."

"Wote?" Meja akacheka. "Basi iko hatari kuliko mimi."

Tukacheka sote kwa adabu, nikabonyeza kitufe. Magurudumu yakaanza, la kushoto linalegeza, la kulia linavuta, na kile chumba kikajaa ule mvumo ninaoupenda, orodha ikawa inashuka kutoka kwenye mashine ya kuchapa ukurasa kwa ukurasa, Meja anaishika anaitazama na kutikisa kichwa, mambo yanakwenda. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaota. Niliyatazama magurudumu hadi nikawa siyaoni tena, nikaona watu wa baraza wanapita mmoja mmoja mbele yangu wakiniinamishia kichwa, namwona Okot amekaa mwishoni kabisa, miguu yake imo ndani ya beseni, anaiosha na kuimba, na namwambia tulia tu, shemeji, nafasi ipo. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena kazini.

Ndipo utepe ukaisha.

Ulichomoka kwenye gurudumu la kushoto, na gurudumu la kulia, lisilo na breki, likaendelea kuzunguka kwa kasi yake yote huku mkia wa utepe unachapa mlango wa chuma wa mashine: TA-RA-TA-TA-TA-TA-TA-TA! Katika chumba kile cha kuta tupu sauti ile haikuwa na tofauti hata chembe na ile ambayo kila mtu wa Kampala alikuwa akiisikia usingizini. Askari wawili wakalala kifudifudi. Mmoja alipiga kelele, "Chini! Chini! Watu napindua serikali!" Ssalongo akafungua kabati la karatasi, akaingia mzima-mzima, akajifungia. Meja sikumwona alivyokwenda, nilichoona ni kofia yake peke yake sakafuni inazunguka kama pia. Na askari wa getini, waliposikia mvua ya risasi ghorofani, wakajibu kwa risasi za kweli, pa! pa! pa! hewani, na baada ya hapo nikasikia kitu nisichoweza kukisahau, mji mzima ukivuta pumzi kwa mara moja, halafu miguu. Maelfu ya miguu.

Mimi peke yangu nilikuwa nimesimama. Si kwa ushujaa! Nilikuwa bado natoka ndotoni, na ule utepe uliochomoka ulikuwa umenizunguka kiunoni na mabegani, nimefungwa kama mzigo. Swichi ilikuwa upande wa pili wa meza. Nikainua maksi yangu kwa mikono miwili nikajikokota, nikakanyaga kitu laini, kitu kikasema "Yalaa!" nikajua nimekanyaga mkono wa afande kwa kisigino cha raizoni, nikasema "Samahani, mzee," nikazima mashine.

Kimya. Halafu kutoka chini ya meza ikaja sauti ndogo, ya heshima, sauti ambayo naamini hata mke wake hakuwahi kuisikia.

"Wamekwisha?"

Nikainama. Tulitazamana, mimi na Meja, yeye amekumbatia mguu wa meza. Jasho lilikuwa limemjaa usoni, na katikati ya paji la uso wake, jamani, katikati kabisa, kimenata kile kikaratasi changu cha fedha, kimerushwa na utepe na kikapata pa kutua, kinameremeta kama nishani.

"Ni mkia tu, afande," nikasema. "Mkia wa tepu." Kisha mkono wangu (sikuutuma) ukanyoosha vidole viwili ukamtoa kile kikaratasi usoni, polepole, kama unavyomtoa mtoto chembe ya wali shavuni.

Akasimama. Akavaa kofia. Askari wakasimama, hawajui watazame wapi. Nilimwona akirudi kuwa Meja kidogo kidogo, kuanzia kwenye viatu kwenda juu, uso ukawa wa mwisho kurudi.

"Nini hiyo wewe nashika mkononi?"

"Inaonyesha mashine mahali pa kusimama, afande."

"Nani nabandika vibaya?"

"Mimi."

"Wewe mtu wa wapi?"

"Kenya, afande."

Siku zile Mkenya alidhaniwa jasusi. "Mkenya," akasema. "Naharibu mashine ya serikali siku Meja nakuja." Mmoja wa askari akasogea akanishika mkono juu ya kiwiko. Kulikuwa na gari lao chini, na wote tulijua kwamba anayepandishwa gari lile mchana hashuki nyumbani kwake jioni. Niliwaza kwamba sasa nami nitakaa kwenye utepe, na sijui nani atakuwa ananiangalia.

Mlango wa kabati ukafunguka. Ssalongo akatoka, amebeba vipande vya karatasi kichwani kama bwana arusi aliyemwagiwa maua, na mpaka leo namwombea dua kwa alichofanya. "Afande," akasema, "huyu mtoto hapana haribu. Tepu ni moja tu, fairo nakua kira mwezi. Tepu ingine hakuna."

"Faili nakua, si nyinyi natoa watu?"

Hapo, wenzangu, mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi akili yangu ilikuwa bado barazani. Nikachukua kalamu ya wino iliyokuwa mezani, nikamnyooshea Meja kwa mikono miwili kwa adabu zote nilizofundishwa na mama yangu.

"Afande, wapo wasioonekana," nikasema. "Tunaweza kuwatoa hata leo. Ila desturi ni mkubwa aandike kwamba hawarudi, atie na sahihi yake. Sisi tumekosa mkubwa. Afande akituandikia tu, tutawatoa."

Nilisema kweli yangu, sikuwa na ujanja. Lakini nilimwona Ssalongo akifumba macho. Askari aliyenishika akalegeza vidole. Meja akaitazama ile kalamu, na kwa mara ya pili siku ile nikamwona yule mtu wa chini ya meza, kwa muda mfupi tu, anachungulia.

"Mimi naandika nini?"

"Kwamba hawarudi, afande. Ni majina kidogo. Naweza kuyasoma."

"Hapana soma."

Hakuipokea kalamu. Akapangusa paji la uso kwa leso, akavuta koti, akauliza askari wake, sauti kubwa, "Hapa nani alilala chini?"

"Hakuna, afande!"

"Nani nasikia bunduki?"

"Hakuna, afande!"

Akanigeukia. "Wewe?"

"Tulisimama sote, afande," nikasema, "tukaangalia orodha."

"Tepu mpya iko stoo ya jeshi," akasema, akiwa tayari mlangoni. "Kesho naleta. Na wewe, Mkenya, hiyo karatasi yako kula."

Nikaila. Ina ladha ya tumbaku na gundi, msijaribu. Wakashuka, gari likaondoka, na nafasi yangu ndani yake ikaenda tupu. Mimi na Ssalongo tukakaa sakafuni, tukawa tunakunja utepe, na kila mara mmoja wetu anatikiswa na kicheko, anakimeza.

Jioni niliporudi nyumbani nilipita Nakivubo, nikauona mji niliokuwa nimeufunga. Milango ya maduka yote chini. Teksi zimeachwa barabarani milango wazi. Kiatu kimoja hapa, kingine kule, sinia la karanga za kukaanga limewekwa chini kwa uangalifu kama mwenyewe amekwenda haja tu, na kaloli, wale ndege wakubwa wenye vipara, wanatembea katikati ya barabara wakichagua mikate, hawana haraka, kama wanunuzi. Mvua nyepesi ikaanza. Nilitembea katikati ya barabara na maksi yangu imelowa chini, nimevua raizoni nimezishika mkononi, na sikukutana na mtu hadi njia ya Mulago. Huko watu walikuwa wanachungulia madirishani. Mzee mmoja akaniita ndani ya ua wake nijifiche, akanieleza kwamba serikali imeanguka, yeye mwenyewe ameviona vifaru kwa macho yake, vifaru vingi, na anayeongoza ni jenerali mmoja mwanamke. Nikamshukuru. Sikuweza kumwambia kwamba jenerali mwenyewe anaumwa miguu.

Mama Apio alikuwa amekusanya watoto chini ya kitanda. Nilipoingia akatoka akanishika mabega. "Banange, Dada Felista, wewe mzima! Huko mjini nani napiga?"

"Mimi," nikasema, kisha nikaangua kilio na kicheko kwa pamoja, nikamwaga yote pale sakafuni, pakiti ya sigara, kofia, kalamu. Alisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza hakuuliza habari za Meja.

"Na jina?"

"Iko. Kesho inahamia tepu mpya. Ina nafasi tele."

Akaenda jikoni kunitengenezea chai isiyo na sukari.

Ssalongo aliapa kutosema. Ssalongo na chupa yake ya waragi hawajawahi kutunza siri hata moja. Jumapili iliyofuata, kanisani, mwalimu wa kwaya alinipokea mlangoni kwa kunipigia saluti, na kabla mwezi haujaisha soko zima lilikuwa likijua nani alikuwa chini ya meza na alisema nini. Ajabu ni kwamba Meja hakurudi. Lile gurudumu lilikuja kesho yake kama alivyosema, limefungwa kwenye gunia la mahindi, nasi tukaligawa faili mara mbili kama desturi inavyotaka, mashine ikisimama inaomba la pili, tunalipachika, inaendelea. Miezi mingi nililipachika kwa mkono wangu. Nikawa siyatazami tena yakizunguka. Nageuza uso naangalia ukuta.

Utawala ule ulipoanguka na askari wale kukimbia, wakati bado mabomba ya maji yamekauka na watu wanahesabu waliobaki, nilikuwa naanika nguo uani nikamwona mtu mwembamba amesimama mbele ya mlango wa Mama Apio, hagongi. Alikuwa na mfuko wa plastiki. Alisimama pale mpaka nikaanza kuogopa. Baadaye aliniambia kwamba siku ile askari waliposimamisha lori alirukia vichakani akavuka mpaka, akaishi kwenye mashamba ya miwa kwetu (kwetu hasa, mama yangu angeweza kumpikia chai!), akiogopa kutuma hata salamu zisije zikamponza mkewe, na kwamba njia nzima ya kurudi alikuwa akijiandaa kukuta mlango ule unafunguliwa na sajini. Kwa hiyo alikuwa anasikiliza kwanza, ni sauti ya nani itatoka ndani. Mlango ukafunguka, akatoka Mama Apio na beseni la maji machafu ya vyombo, akayamwaga yote miguuni pake.

Jioni Okot aliniita kwenye uzio. Nywele zilikuwa nyeupe upande mmoja. "Ni wewe ndiyo Bunduki?" akauliza, na mimi nikainamisha kichwa kwa aibu yangu ileile, nikasema ni mimi, nikiomba asicheke. Hakucheka. Alinipa mkono juu ya uzio, akaushika wangu, akawa haniachii.

Nimeapa na ninaapa tena mbele yenu: alama ya mwisho siisogezi. Sufuria ikijaa naacha kumimina, mkoba ukijaa naacha kutia, na nikiwa na kazi inayozunguka mbele yangu sioti, najifinya. Ni mji mzima uliokimbia siku ile, kuna waliopoteza viatu, kuna yule wa karanga, na sijawahi kuwalipa. Lakini juzi nilipopita Nakivubo na yule mama wa vitambaa akajitupa chini ya meza yake kama kawaida na kuniuliza, "Wamekwisha?" sikucheka nao. Niliinama nikamwambia, hapana mama, hawajakwisha wote, mmoja alirudi.